Dizeli kwa boti ya mwendo wa pole: injini ndogo isiyo na turbo au kubwa yenye turbo?

"Fundi, injini hii haijateswa hata siku moja."

Mzee aliyesema hivyo alikuwa amenijia Kirinyaga Road na nozo nne, vile vinyunyizi vya dizeli ndani ya silinda, zilizofungwa kwenye gazeti. Boti yake iko Ziwa Naivasha, hubeba wageni wanaotazama ndege na viboko, na kwa miaka mitatu imekwenda taratibu tu, mizunguko 1,200 kwa dakika, siku nyingine hata chini ya hapo. Sasa inatoa moshi wa buluu, inakula oili, na asubuhi inasumbua kuwaka. Nilipozifungua nozo, ncha zake zilikuwa zimevaa masizi magumu yaliyogoma kutoka hata baada ya kulowekwa usiku kucha. Ilinibidi nimwambie kwamba huko kutoteswa ndiko kulikoiumiza.

Akaniuliza swali lililonifanya niandike haya: atengeneze injini ile ile, kubwa, yenye turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), nguvu ya farasi 110, au aiuze anunue ndogo ya kawaida? Naulizwa hivyo na watu wengi wanaoishi hapa Nairobi ilhali boti zao ziko Naivasha, Kilifi, Lamu au Ziwa Victoria. Jibu linategemea boti inaishi wapi na inafanya kazi gani, lakini kuna mambo kadhaa yanayoamua karibu kila kitu, na mengi hayaandikwi kwenye karatasi ya muuzaji.

Kwanza, kwa nini pole pole huua dizeli

Aliyewahi kutunza jenereta ya jengo pale Upper Hill au Westlands ameshaiona hali hii. Jenereta kubwa ikiwashwa kila Jumatatu kwa majaribio, dakika kumi bila mzigo wowote, baada ya mwaka bomba lake la moshi huanza kuvuja uchafu mweusi wenye mafuta. Ile ni dizeli iliyoingia kwenye silinda ikatoka bila kuungua vizuri.

Dizeli haina plagi ya kuiwasha. Inategemea hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto sana. Injini ikiwa na mzigo mdogo, silinda hupoa, sehemu ya mafuta haiungui, na masizi huganda kwenye nozo, vali na njia ya ekzosi. Isitoshe, ringi za pistoni hazibanwi ukutani na mkazo wake peke yake. Gesi ya mlipuko huingia nyuma ya ringi na kuisukuma ikabane vizuri. Mlipuko ukiwa dhaifu, ringi hulegea, gesi hupenya chini kwenye oili na oili hupanda juu. Baada ya muda, kuta za silinda hupata utando unaong'aa kama kioo, ile mikwaruzo myembamba inayoshika oili inafunikwa, na hapo ndipo moshi wa buluu unapoanza.

Mapema, kuikimbiza injini chini ya mzigo kunaweza kuirudisha. Ukichelewa, ni kuifungua, kuzichana upya kuta za silinda na kuweka ringi mpya. Injini ya mzee ilikuwa imefika huko.

Hesabu ya nguvu ije kabla ya jina la injini

Chukua boti kama yake: urefu wa mita 8.5 kwenye mstari wa maji, tani 4 ikiwa na abiria, umbo la kukata maji wala si la kuruka juu yake. Boti ya umbo hilo ina kikomo cha kasi kinachotokana na urefu wake. Kwa urefu huu ni kama kilomita 13 kwa saa. Ukiongeza nguvu kupita hapo, tezi (nyuma) huzama, omo (mbele) hunyanyuka, wimbi linakuwa kubwa, na kasi haiongezeki kwa maana yoyote.

Kwenda kilomita 11 kwa saa, boti hii inahitaji farasi 12 hivi. Ukiipa injini ya farasi 30, inafanya kazi kwa asilimia 40 ya nguvu yake. Ukiipa ya farasi 110, ni asilimia 11. Mafundi wa jenereta huona hatari dizeli inapokaa muda mrefu chini ya asilimia 30, na sijaona sababu ya boti kuwa tofauti.

Wengi hudanganywa na geji ya mizunguko. Wanasema, "Naiendesha nusu, kwa hiyo inafanya nusu ya kazi." Rafadha, yaani panga linalosukuma boti majini, haifuati hesabu hiyo. Nguvu inayodaiwa na rafadha hupanda takriban kwa mchemraba wa mizunguko, kwa hiyo ukiwa nusu ya mizunguko unatumia karibu sehemu moja tu kati ya nane ya nguvu. Injini ya farasi 110 inayofika mizunguko 2,400, ikizungushwa 1,200, inatoa farasi 14 hivi. Hapo ndipo mzee alipokuwa akiishi miaka mitatu.

Injini ndogo isiyo na turbo

Nianze na ninayoipenda, nisijifanye sina upande. Injini ndogo, inayovuta hewa yenyewe, yenye pampu ya kimekanika, ina vitu vichache vya kuharibiwa na mwendo wa pole. Haina turbo ya kuvuja oili, haina kompyuta ya kuingia chumvi. Nozo zake hufunguka kwa msukumo wa bar 200 hivi, na fundi yeyote mwenye pampu ya mkono ya kupimia anaweza kukuonyesha kwa macho yako kama inanyunyiza ukungu au inadondosha matone.

Utunzaji wake kwa boti ya pole si mgumu. Ukiwasha, usiiache ikinguruma gatini dakika ishirini ukisubiri wageni. Iwashe wageni wakiwa wanapanda, ipe mzigo mwepesi mara moja, ipashe moto ikiwa njiani. Kila safari, ikiwezekana wakati wa kurudi injini ikiwa moto tayari, iendeshe dakika 15 hadi 20 kwenye robo tatu ya mizunguko yake au zaidi kidogo. Yanmar, kwenye kitabu cha injini zao ndogo, huagiza kwamba injini inayokwenda pole iwe inapandishwa kutoka mizunguko ya chini mpaka ya juu kama mara tano, giaboksi ikiwa huru, kila baada ya saa mbili, ili kusafisha masizi kwenye silinda na nozo. Hilo ni zuri, lakini mimi naona mzigo wa kweli majini ndio unaoleta joto linalohitajika.

Oili usihesabu kwa saa peke yake. Boti ya wikendi inaweza kumaliza mwaka na saa 60 tu, na mwenyewe akaona oili bado mpya. Si mpya. Ina masizi, ina maji ya unyevu yaliyoshindwa kukauka kwa sababu injini haikupata joto, ina asidi. Badilisha kila mwaka hata kama saa hazijafika. Na kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda badala ya kushuka, usifurahi. Inuse. Ikinuka dizeli, mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye sampu, pale chini oili inapokaa, na oili yako imekuwa nyepesi kupita kiasi.

Udhaifu wake upo. Ni ya kelele zaidi, inatetemesha boti, na siku mkondo na upepo wa kusi vikikukabili pamoja, huna akiba kubwa mkononi. Mtu wa Lamu anayevuka mkondo mkali wa maji yanapokupwa ataiona tofauti hiyo. Kwa boti ya tani 4, farasi 30 zinatosha kukurudisha nyumbani salama, ila utarudi kwa subira.

Injini kubwa yenye turbo

Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Moshi ukiwa kidogo na wa baridi, turbo inazunguka kivivu, haisukumi hewa ya maana, na sili zake, ambazo zinategemea shinikizo la hewa kuzuia oili, zinaanza kuiachia oili ipenye. Oili hiyo hukutana na masizi, na vyote viwili huganda kwenye magurudumu ya turbo na kwenye kiwiko cha ekzosi, pale maji yanapochanganyika na moshi. Nimewahi kufungua kiwiko ambacho tundu lake lilibaki la kupitisha kidole gumba tu. Mwenye boti alikuwa ameuziwa turbo mpya na duka moja kabla ya mtu yeyote kukiangalia hicho kiwiko. Ukiona injini haifiki mizunguko yake na moshi ni mweusi, anza hapo kabla hujatoa pesa ya kitu kingine.

Kwa boti ya kukata maji, kuna tatizo ambalo hakuna ratiba ya huduma inayoliponya. Dawa ya injini iliyosinzia ni kuikimbiza, lakini hii hutaweza kuikimbiza. Ukiipeleka kwenye robo tatu ya mizunguko, tezi inazama, wimbi linapiga mitumbwi ya wavuvi, viboko wanashtuka, na wageni wako wanashika vyuma vya pembeni. Kwa hiyo nahodha anaacha. Mzee aliniambia alijaribu mara mbili, mwaka wa kwanza, akalalamikiwa na wenziwe ziwani, hakurudia.

Naivasha ni eneo la Ramsar, yaani ardhioevu iliyo chini ya mkataba wa kimataifa, tangu 1995, na ule utando wa rangirangi unaoelea nyuma ya boti yenye nozo mbovu ni dizeli mbichi inayoingia kwenye maji hayo. Jambo hilo hunikera zaidi kuliko oili inayoliwa.

Lakini kwa boti yenye umbo la kuruka juu ya maji, hukumu inageuka. Nina mteja anayetoka Lamu kwenda Kiwayu mara kadhaa kwa mwezi. Siku za katikati hutembeza wageni pole pole mbele ya Shela, ila safari ile moja ndefu ya kasi, saa nzima na zaidi, inaichoma injini mpaka ndani. Nozo zake huja kwangu safi. Yeye simwambii auze turbo. Namwambia tu akifika asizime papo hapo. Aiache dakika tatu hadi tano ikizunguka pole, turbo ipoe huku oili ikiendelea kupita.

Vipi kuhusu komoni reli?

Injini mpya nyingi, ndogo na kubwa, sasa ni za komoni reli, yaani nozo zote hulishwa na bomba moja la msukumo mkubwa linaloongozwa na kompyuta, na lazima niseme haki yake. Kwenye pampu ya zamani, msukumo wa mafuta hushuka mizunguko ikishuka, na mnyunyizo unakuwa mbaya pale pale ambapo boti ya pole inaishi. Komoni reli huweka msukumo juu hata mizunguko ikiwa midogo, na ikikazwa huvuka bar 1,500. Kwa hiyo huungua vizuri zaidi kwenye mzigo mwepesi, moshi kidogo, kelele kidogo. Kama boti yako iko mahali ambapo fundi mwenye kompyuta ya injini hiyo anafika, ni chaguo zuri.

Swali ni kama anafika. Maji kidogo kwenye dizeli, ambayo pampu ya zamani ingeyavumilia kwa kukohoa, huharibu nozo za komoni reli, na nozo hizo hazipimwi kwa pampu ya mkono. Ukiwa nayo, filta ya kutenganisha maji iangaliwe kila safari, na tangi lijazwe kabla boti haijalala, maana nafasi tupu ndani ya tangi ndiyo inayotengeneza matone usiku.

Kimo cha ziwa

Muuzaji aliyezoea bahari hawezi kukukumbusha hili. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya pale ni nyepesi kuliko ya Lamu kwa kama moja ya tano. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiasi hicho hicho, kwa hiyo farasi 40 za karatasini zinakuwa 32 hivi ziwani. Ziwa Victoria, lenye mita 1,134, hupunguza kidogo kuliko hapo. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, na hapa ndipo nampa nafasi mtu anayeitetea.

Ila kwa boti yetu inayohitaji farasi 12, upungufu huo haudhuru. Injini ya 40 iliyobaki na 32 inafanya kazi kwa asilimia 37 au 38, karibu sawa na ile ya 30 kule pwani. Kinachodhuru ni pampu iliyopimwa kwa ajili ya bahari kisha ikapandishwa mlimani bila kuguswa. Inaendelea kumwaga dizeli ile ile kwenye hewa iliyopungua, na moshi mweusi unakufuata tangu gatini. Ikiwa umenunua injini ya mtumba kutoka Mombasa ukaileta Naivasha, mafuta yapunguzwe kidogo. Ukiipeleka kinyume, kutoka ziwani kwenda baharini, hutaona ubaya, utakosa nguvu kidogo tu.

Asubuhi za Naivasha nazo ni baridi. Hewa nyepesi na baridi pamoja hufanya injini itoe moshi mweupe muda mrefu baada ya kuwaka. Plagi za kupasha joto ambazo mtu wa Kilifi hata hakumbuki zipo, wewe zijaribu moja moja kila mwaka.

Themostati isiguswe

Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ni sisi mafundi tunaolifanya. Injini ikipanda joto kidogo, fundi anang'oa themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, na kuitupa: "Hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi." Kwenye lori linalopanda Mai Mahiu na mzigo, pengine huoni madhara haraka. Kwenye boti ya pole, ambayo ina ziwa zima la kuipoza, umeihukumu injini. Maji ya ndani hayafiki joto lake la kawaida, mara nyingi nyuzi 75 hadi 85, na yale yote niliyoeleza kuhusu masizi na oili yanakuja kwa kasi maradufu. Ndogo au kubwa, zamani au mpya, geji ya joto ikikaa chini siku nzima, ulizia themostati. Kama injini ilikuwa inapanda joto, tafuta sababu: impela (gurudumu la pampu ya maji) iliyokatika meno, kichujio cha maji kilichozibwa na gugumaji, au mabomba ya kipozeo yaliyojaa magamba.

Nani ataigusa ikiharibika

Kwa mtu wa Nairobi, urahisi wa spea unaweza kuamua kuliko kitu kingine. Injini kadhaa za zamani za boti ni ndugu wa injini za nchi kavu. Perkins 4.236, silinda 4, lita 3.86, imefungwa kwenye boti na pia kwenye trekta za Massey Ferguson, na kwa sababu hiyo ringi, gasketi na nozo zake utazipata mjini bila kusubiri meli. Kwa boti ya mita 11 au 12 ya mwendo wa pole bado naiheshimu sana. Ila usidanganyike kwamba kila kitu kinatoka kwenye trekta: manifoldi inayopozwa kwa maji, pampu ya maji ya bahari na kiwiko cha ekzosi ni vya boti peke yake, na hivyo ndivyo vinavyooza kwanza. Kabla ya kununua injini yoyote, uliza bei ya kiwiko na impela yake.

Kwa wenye boti za maji matamu: zile zinki za kulinda chuma dhidi ya kutu hujifunika ngozi kwenye maji ya ziwa na kuacha kufanya kazi. Ziwani zinafaa za magnesiamu.

Ningechagua nini

Boti ya kukata maji inayokwenda chini ya kilomita 12 kwa saa karibu siku zote: ndogo bila turbo, farasi 30 pwani, 40 Naivasha, bila kusita. Boti ya kuruka inayopata safari ya kasi angalau mara mbili kwa mwezi: kubwa yenye turbo, na safari hiyo iwe sehemu ya huduma, iandikwe kwenye daftari pamoja na oili. Boti ya kuruka ambayo kwa kweli haikimbii tena kwa sababu mwenyewe amezeeka au wageni wanataka utulivu ndiyo ngumu kuliko zote, na hapo ningeuza boti kabla ya kuuza injini.

Na kama tayari unayo kubwa na huna pesa ya kubadilisha, anza na rafadha. Mwache nahodha afungue mafuta yote kwenye maji mapana, boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida, usome geji. Isipofika mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji, na nozo na kiwiko ni safi, rafadha imezidi na inaikaba injini. Wapo wanaoshauri rafadha nzito makusudi ili kuipa injini mzigo wakati wa mwendo wa pole. Siungi mkono, kwa sababu siku ya dharura nahodha atafungua mafuta yote, na injini iliyokabwa hivyo hupasha vali na pistoni kupita kiasi.

Mzee wa Naivasha alichukua ya farasi 40. Ile ya 110 ilifunguliwa, ikachanwa kuta, ikawekwa ringi na kuuzwa kwa mtu wa boti ya kasi. Kwake nimeacha maagizo mawili kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na sukani: dakika ishirini za robo tatu wakati wa kurudi, na oili kila Januari. Na wewe ukija kwa fundi wa pampu, lete nozo zote pamoja, kila moja ikiwa na namba ya silinda yake, na jambo la kwanza umwambie boti iko ziwa gani au bahari gani.